Kuzima, Kuzimwa na Kuzimika: Uhakiki wa Maneno ya Amri katika Programu za Kompyuta

Aghalabu mhakiki wa lugha hushughulika na utenzi, hadithi au tamthilia, na ni nadra kumwona akitumia wino wake kwa maneno mawili matatu yaliyoandikwa juu ya kitufe. Hata hivyo maneno hayo husomwa kila siku na watu wengi kuliko wale wasomao diwani za ushairi, na tena husomwa na mtu ambaye yu karibu kutenda jambo. Msomaji wa shairi akikosea maana hupungukiwa na ladha. Msomaji wa kitufe akikosea maana huweza kupoteza kazi ya asubuhi nzima. Kwa sababu hii yafaa kuyatia katika mizani maneno ya amri mbili ambazo kila programu ya mezani yaweza kuzitoa: amri ya kuizima kompyuta, na amri ya kulifanya dirisha la programu lienee skrini yote. Amri hizi mbili hazifanani kwa sura, lakini zina jambo moja la kushirikiana. Kila moja humnyang'anya mtumiaji kitu kilicho mbele yake: ya kwanza humnyang'anya mashine, na ya pili humnyang'anya kioo cha mashine. Basi lugha inayotumika hapo haina budi kusema wazi ni nani anyang'anyaye, ni kitu gani kitakachopotea, na ni njia ipi ya kurudi.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930, na mwaka 1964 kazi yake ikaingia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Si vibaya, basi, kuuliza maneno haya yanasikikaje katika kisiwa ambacho msingi huo ulichimbwa. Nimechagua Malindi, nami nasema Malindi ya Mji Mkongwe wa Unguja, wala si mji wa jina hilo katika pwani ya Kenya. Mtaa huu una bandari, una ofisi za watu wa meli na forodha, una madirisha ya kukatia tiketi za boti ziendazo Dar es Salaam, na una msikiti wa kale wenye mnara wa pia. Watu wake wana maneno mengi ya kufunga, kufungua, kutandaza na kukunja, kwa kuwa kazi zao ziliyahitaji kabla kompyuta hazijakuwako.

Kompyuta kusema Kiswahili si habari ya jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kushirikiana na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na kutolewa bure. Mwaka huo huo kampuni ya Microsoft ilitangaza nia ya kuzitafsiri programu zake, na baadaye Windows ikapata pakiti ya Kiswahili. Tangu hapo simu na vivinjari vya intaneti vimefuata njia ile. Wafasiri hao walifanya kazi kubwa katika muda mfupi, na yeyote atakaye kuwahakiki yampasa kwanza kuwashukuru. Walikuta orodha ya maneno ya Kiingereza maelfu kwa maelfu, kila neno likiwa limekatwa kutoka katika sentensi yake, na mara nyingi hawakuweza hata kuona dirisha ambamo neno lingekaa. Makosa nitakayoyataja yametokana zaidi na hali hiyo ya kazi kuliko na uchache wa maarifa yao.

Na tuanze na amri ya kuzima. Katika Kiswahili cha programu neno lililokubaliwa ni *zima*, nalo ni neno jepesi ambalo kila mtoto alijua. Lakini yafaa kukumbuka kwamba jambo lenyewe lilikuwa mambo mawili. Katika siku za Windows 95 mtumiaji alipoamuru kompyuta yake ifungwe, mashine ilifunga mafaili yake, ikasimamisha programu, halafu ikamwandikia kwamba sasa aweza kuizima kwa usalama. Kuzima kwenyewe kulibaki kazi ya kidole cha mtu. Baada ya kuja kwa vifaa vya umeme vya muundo wa ATX mwaka 1995, na kanuni za ACPI mwaka 1996, programu ikapewa uwezo wa kukata umeme yenyewe, na mambo yale mawili yakawa moja machoni pa watu. Kiingereza kilibaki na jina la jambo la kwanza, ambalo asili yake ni kufunga kazi, kama dukani au kiwandani. Kiswahili kilichukua jina la jambo la pili, ambalo ni kuondoa moto au nuru. Wala si kosa, maana mtumiaji wa leo huona matokeo ya mwisho, na matokeo ya mwisho ni giza. Hasara yake ni kwamba neno *zima* halina ndani yake fikira ya mpango na zamu. Taa huzimwa mara moja. Kompyuta haizimwi mara moja. Hufungwa chumba kwa chumba, na taa huzimwa mwisho.

Kuna na jambo jingine ambalo lingemchekesha mwanasarufi. Kiswahili kina kitenzi *zima* na kina kivumishi *-zima*, na viwili hivi havina ujamaa wa maana. Kwa bahati amri zetu mbili zimeangukia sauti zile zile: moja yaitwa *Zima* na nyingine yaitwa *Skrini nzima*. Mtu akitazama orodha fupi ya amri, na macho yake yakipita upesi, huona *zima* na *nzima* zikikaa jirani, moja ikiua skrini na moja ikiipa ukamilifu. Katika sentensi timamu hapana awezaye kukosea. Lakini kitufe si sentensi timamu, na mfasiri mzuri hufikiri habari ya jicho lenye haraka.

Ili tujue uzito wa amri ya kuzima, hatuna budi kutazama jinsi mashine inavyoitekeleza. Programu ya kawaida haizimi kompyuta. Huuomba mfumo uizime. Katika Windows programu yenye kuomba yapaswa kwanza kuamilisha haki maalumu ya kuzima, na bila haki hiyo ombi lake hukataliwa. Ombi likikubaliwa, mfumo huzipelekea programu nyingine zote ujumbe wa kuuliza kama ziko tayari kumaliza kazi, kisha huzipelekea ujumbe wa pili wa kuarifu kwamba mwisho umefika. Tangu Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa watu wote mwaka 2007, programu yenye kazi isiyohifadhiwa yaweza kuomba kungojewa na kutoa sababu yake kwa maneno. Zikipita kama sekunde 5 na programu ikawa haijakubali, mfumo hulifunika skrini zima kwa orodha ya programu zilizobaki, na mtumiaji huchagua ama kuzima kwa nguvu ama kurudi kazini. Katika Linux yenye systemd desturi ni kama hiyo: programu yaweza kuomba kuzuia au kuchelewesha, na kuchelewesha kwa kawaida hakupewi zaidi ya sekunde 5. Hapa ndipo amri zetu mbili zinapokutana. Wakati wa khitimu ya kazi, skrini yote huwa mali ya mfumo, na maneno machache yaliyo pale ndiyo yanayoamua kama ukurasa utabaki au utapotea.

Sasa tutazame umbo la kitenzi. Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza hakina katika jambo hili, nao ni tafauti ya *zimwa* na *zimika*. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alieleza vizuri kwamba kauli yenye *-ik-* huonyesha hali ya kitu bila kumfikiria mtendaji, na kauli yenye *-w-* humfikiria mtendaji hata asipotajwa. Taa *imezimika* maana yake haiwaki tena, na pengine upepo ndio sababu, pengine mafuta yamekwisha. Taa *imezimwa* maana yake kuna mkono. Zaidi ya hayo kauli ya *-ik-* yaweza kumaanisha uwezekano, hata mtu aweza kusema *kompyuta hii haizimiki* akiwa na maana kwamba kila akijaribu hafaulu.

Unguja imejifunza tafauti hii kwa taabu. Umeme wa kisiwa huja kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na waya wa kwanza ulitandazwa mwaka 1980. Mwezi Mei na Juni 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme huo, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 giza lilidumu kiasi cha miezi mitatu, mpaka ukarabati ulipokamilika. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja mwaka 2013. Katika siku zile mwenye ofisi Malindi aliyekuwa akiandika hati ya mizigo kwa umeme wa jenereta, jenereta ikakata, alisema kwa haki kabisa: *kompyuta imezimika*. Hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Kilichokuwa katika kumbukumbu ya muda kilipotea, kwa kuwa kumbukumbu hiyo haishiki kitu bila umeme, na kilichokuwa kimehifadhiwa katika diski kilibaki.

Lakini twaa mfano wa pili. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii mikahawa ya intaneti ilienea mijini, na wenye mikahawa walitumia programu za kuhesabu dakika. Programu ya namna hiyo hukaa katika kompyuta ya mteja na kufanya kazi mbili ambazo ndizo mada yetu: muda ukimalizika hulitandaza dirisha lake juu ya skrini yote ili mteja asione tena kazi yake, na huweza kuamuru mashine izimwe. Programu hiyo ikimwandikia mteja *Kompyuta itazimika baada ya dakika 2*, imesema uongo wa sarufi. Kompyuta haitazimika, itazimwa. Yuko aliyeweka muda, yuko aliyeandika amri, na mteja ana haki ya kujua kwamba aweza kwenda kumwomba mtu huyo dakika 5 zaidi. Kauli ya *-ik-* humfanya mwenye amri awe kama upepo. Mteja husoma, hukunja uso, hudhani ni kudura ya umeme kama mwaka 2008, naye huondoka bila barua yake. Nadhani katika uhakiki huu wote hili ndilo jambo zito kuliko yote, kwa sababu kosa la msamiati huweza kusahihishwa na mazoea, lakini kosa la kuficha mtendaji huwazoeza watu kutouliza.

Yafaa basi ujumbe huo uandikwe kwa kauli ya kutendwa na mtendaji atajwe: *Kompyuta hii itazimwa na msimamizi baada ya dakika 2. Hifadhi kazi yako sasa.* Sentensi ya pili ni ya lazima kama ya kwanza. Tena neno *hifadhi* ni chaguo jema sana, ambalo wafasiri wastahili sifa kwalo. Mtoto wa Unguja aliyepita chuoni ajua kwamba kuhifadhi sura ya Kurani ni kuitia moyoni hata ubao ulioandikwa ukioshwa sura ibaki. Kumbukumbu ya muda ni ubao ule, na diski ni moyo. Hapana maelezo ya kitaalamu yatakayomfikia mwanafunzi upesi kuliko hayo.

Baada ya kuzima kuna ndugu zake wawili, kulaza na kile ambacho Kiingereza hukifananisha na wanyama wa nchi za baridi walalao majira yote ya kipupwe. Katika hali ya kwanza kompyuta hubakisha umeme kidogo ili kumbukumbu ya muda isifutike, na mtumiaji akirudi huikuta kazi yake mara moja. Katika hali ya pili kumbukumbu yote huandikwa katika diski, kisha umeme hukatwa kabisa. Wafasiri wametumia maneno kama *lala*, *sinzia* na mengine ya jamii hiyo, nayo ni mazuri kwa masikio. Ila hayampi mtu tafauti aliyo na haja nayo. Asinziaye na alalaye hutafautiana kwa kina cha usingizi. Hizi hali mbili hutafautiana kwa jambo jingine, yaani ipi itastahimili umeme ukikatika. Aliyeiacha kompyuta ya mezani ikiwa katika hali ya kwanza, umeme ukakatika, huenda amepoteza kazi yake. Aliyeiacha katika hali ya pili hakupoteza kitu. Katika nchi ambayo umeme haukatiki mtu aweza kukaa miaka kumi asijue tafauti hii. Unguja hawezi. Kwa hiyo ingefaa hali ya kwanza iitwe *Laza*, na ya pili iitwe kwa maneno mawili ya wazi, *Hifadhi na uzime*. Wanyama wa barafuni tuwaachie wenyewe.

Tuje kwa amri ya pili, ile ya skrini nzima. Neno *dirisha* limetujia kutoka Kiajemi, nalo katika Mji Mkongwe si fikira tupu. Dirisha la nyumba lina mbao za kufunga na kufungua, na mtu hulitumia kutazama ujiani bila yeye kuonekana sana. Kule bandarini Malindi kuna dirisha la namna nyingine, dirisha la tiketi, ambalo mtu huliendea ili ahudumiwe, na likifungwa maana yake huduma imekwisha kwa leo. Dirisha la kompyuta lafanana na hili la pili kuliko la kwanza. Humo twaagiza na humo twapewa. Ndiyo maana *funga dirisha* ni tafsiri isiyo na ila: huduma ya programu hii imekwisha, lakini bandari ingali wazi.

Lakini dirisha likienea skrini yote, je, bado ni dirisha? Dirisha ni tundu katika ukuta, na kama ukuta wote umekuwa tundu basi hapana ukuta wala dirisha. Mtumiaji hapotezi nafasi ya skrini tu; hupoteza alama zote zinazomwambia yuko wapi. Saa ya pembeni haionekani, jina la programu halionekani, kitufe cha kufunga hakionekani. Kwa mtu atazamaye filamu hiyo ni raha. Kwa mwingine ni mtego, na matapeli wa intaneti wanajua hivyo. Hulitandaza dirisha la kivinjari juu ya skrini yote, huchora humo mfano wa dirisha la mfumo, na humwandikia mtu kwamba kompyuta yake imefungwa na apige simu mahali fulani alipe. Kwa ajili hiyo vivinjari huonyesha ujumbe mfupi kila ukurasa unapoingia katika skrini nzima, ukimwarifu mtu kwamba kitufe cha Esc kitamtoa humo. Na kwa ajili hiyo Windows haikuruhusu programu ya kawaida kuzipokonya Ctrl, Alt na Delete zikibonyezwa pamoja. Hizo zimewekwa ziwe njia ya mfumo peke yake, ili mwenye kompyuta awe na mlango ambao mgeni hawezi kuuziba.

Jina *skrini nzima* limekwisha kuenea, na kulitoa sasa kungekuwa kazi bure. Linafaa kwa kuitaja hali hiyo. Lakini kama amri ni jina lisilo na kitenzi, na amri bila kitenzi ni kama chombo bila usukani. Mtu akisoma *Skrini nzima* hajui kama anaambiwa ilivyo hali ya sasa au itakavyokuwa akibonyeza. Kiswahili kina vitenzi vya tendo hili vingi mno: *enea*, *tanda*, *tandaza*, *funika*, *gubika*. Katika hivyo *tandaza* ndicho kinachofaa zaidi, kwa kuwa kina mwenzake katika matumizi ya kila siku. Mkeka hutandazwa na mkeka hukunjwa, na yeyote aliyeutandaza ajua kwamba kuukunja kumo mikononi mwake. *Tandaza dirisha*, *Kunja dirisha*: amri ya pili imo katika ya kwanza, hata mtu asipofundishwa ataitafuta. Na kwa hali iliyokwisha kutendeka twaweza kusema *dirisha limetandazwa* kwa kauli ile ile yenye mtendaji, tusiseme *limetanda* kama mawingu ya masika ambayo hayana mwenyewe. Sifa ya amri njema ni kwamba huonyesha njia ya kuitengua.

Katika habari hii ya kutengua ndipo penye kasoro iliyo kubwa zaidi katika maneno yaliyokwisha kukubaliwa, nayo ni neno *funga* kubeba mizigo miwili. Programu hufungwa, maana yake kazi yake imekwisha. Skrini nayo hufungwa, maana yake kazi inaendelea nyuma yake ila haionekani mpaka mwenyewe atoe neno la siri. Matokeo mawili haya yanapingana. Mtu aliyefunga programu bila kuhifadhi huenda amepoteza. Mtu aliyefunga skrini hakupoteza kitu. Mwenye nyumba wa Mji Mkongwe hachanganyi mambo haya. Akifunga mlango ameurudisha mahali pake; akitaka usifunguliwe na mtu *huukomea* kwa komeo, au huutia kufuli. Basi *Funga* iachiwe programu na dirisha, na skrini *ikomewe*.

Hapa yapasa kutahadhari. Ingepatana na kanuni ya kinyume cha vitenzi kuandika *Komea* upande mmoja na *Komoa* upande wa pili, kama *funga* na *fungua*, *kunja* na *kunjua*. Lakini *komoa* katika vinywa vya watu siku hizi ni kumtia mtu adabu kwa inda, na kitufe chenye neno hilo kingezusha kicheko kila asubuhi ofisini. Sarufi yaruhusu, desturi yakataza, na mwenye kuunda istilahi hana budi kuzisikiliza zote mbili. *Fungua* yatosha kwa kuondoa komeo, kwa maana mlango uliokomewa ukiisha kufunguliwa umefunguliwa.

Limebaki swali ambalo programu humwuliza mtu kabla ya kutenda. Mara nyingi twakuta maneno ya mfano wa *Una uhakika unataka kuzima kompyuta?* Kila neno ni la Kiswahili, lakini sentensi nzima ni ya kigeni. Mswahili akimwuliza mwenzake kabla ya kuzima taa hamwulizi habari ya uhakika wake, humwuliza *Nizime?* Kiini cha swali ni tendo, si hali ya moyo wa aulizwaye. Programu nayo ingeweza kusema *Kompyuta izimwe?* au, palipo na khatari, *Barua yako haijahifadhiwa. Kompyuta izimwe hivyo hivyo?* Majibu yake yasiwe *Ndiyo* na *Hapana* peke yake, maana katika Kiswahili *ndiyo* hulikubali swali jinsi lilivyo, hata likiwa la kukanusha. Aulizwaye *Hutaki kuhifadhi?* akajibu *Ndiyo*, amesema kwamba hataki. Mwingereza kwa neno lake angekuwa amesema kinyume. Programu iliyotafsiriwa swali bila kutazama jibu yaweza kufuta kazi ya mtu kwa idhini ambayo yeye hakuitoa. Ni heri vitufe vichukue vitenzi vyenyewe: *Hifadhi*, *Zima*, *Ghairi*. Hili la mwisho, *ghairi*, ni la kusifiwa kama *hifadhi*. Mwenye kughairi ni mtu aliyekuwa na nia akaibadili, naye hana lawama. Neno lampa heshima ya kubadili shauri.

Huenda mtu akapinga kwamba watu wamekwisha kuyazoea maneno haya, na kwamba wengi huzitumia programu kwa Kiingereza. Hayo ya pili ni kweli, na sababu moja ni kwamba mtu aliyeona *Funga* ikitenda leo hili na kesho lile huacha kuiamini lugha iliyomwambia, hurudi kwa ile ngeni ambayo ameikariri kama picha. Mwingine atapenda tuende mbali zaidi, tuchukue maneno ya mabaharia: kuwasha kuwe kung'oa nanga, kutandaza kuwe kutweka tanga, kuzima kuwe kutia nanga. Yanapendeza, na Malindi yangeeleweka. Lakini chombo kilichotia nanga kingali na shehena yake ndani, na kompyuta iliyozimwa haina kitu katika kumbukumbu yake ya muda. Istiari ingemdanganya mtu mahali pale pale anapohitaji kweli. Istilahi hupimwa kwa usahihi wake wakati wa khatari, na uzuri huja baadaye.

Kwa hiyo rai yangu kwa Baraza la Kiswahili la Zanzibar, kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, kwa taasisi za vyuo vikuu, na kwa vijana wa Unguja na kwingineko waandikao programu, ni fupi. Kwanza, pale palipo na mtendaji, kauli ya kutendwa itumike, na *-ik-* iachiwe umeme na upepo. Pili, neno moja lisipewe matokeo mawili yanayopingana. Tatu, kila amri ya kuchukua skrini au mashine iandikwe pamoja na njia ya kurudi. Nne, maneno yasitafsiriwe katika orodha tupu. Mfasiri aonyeshwe dirisha lenyewe, naye ajaribu kulifunga, kulitandaza na kuizima mashine kwa mkono wake, kabla hajatia sahihi. Haya hayahitaji fedha nyingi wala kamusi mpya. Yahitaji kwamba wenye lugha wakae meza moja na wenye mashine, na wa kwanza wasione haya kuuliza kinachotokea baada ya kubonyeza, wala wa pili wasidhani kwamba neno ni pambo la kitufe.